Sokomutu Mwenye Nilimuweka mu Kilio

Bon, niseme mbele: mu hii habari kizengi, ule mujinga, ni miye. Kama kuna muntu anatafuta mahali kwenye miye, Fiston, naonekana na akili, afunge hii karatasi aende kunywa munkoyo. Lakini mweye benye munabakia ku zoo na ndoo na raclette, musome mpaka mwisho. Siku yenye bintu bilienda muzuri haimufundishake muntu kazi.

Miye ni retraité, nilishaacha kazi. Musicheke. Bantu banafikiri retraite ni ya bazee benye magoti inalia sawa mulango ya zamani. Miye nimepata yangu na meno yote mu kinywa. Mukono yangu ya kuume haifunge tena muzuri. Muntu mwenye hawezi kufunga mukono, hawezi kufunga kadena, ile kufuli. Na muntu mwenye hawezi kufunga kadena ya cage ya basokomutu, bale banyani bakubwa benye kufanana na bantu, bantu ya kartié yote beko na haki ya kumukataa. Namuna mukono ilifika vile, itakuya yenyewe mu habari.

Ya masomo, nilifika ya sita primaire. Kisha pale masomo iliniacha, miye sikuiacha.

Siku ya kwanza ku kazi nilijipaka parfum ya yaya yangu, dada mukubwa. Nilipaka ku shingo, ku mikono, hata ndani ya viatu, juu mama yangu mudogo aliniambia muntu wa kazi asinuke sawa muntu wa kulala. Mwenye alinipokea ku mulango ya zoo ni Papa Banza. Alikuwa mzee murefu, kavu, ya salopette ya kaki. Familia yao ilitoka Kabalo, baba yake alikuwa machiniste ya train, na yeye mwenyewe alikuwa anatembea vile: polepole mu kuanza, kisha hauwezi kumusimamisha. Akavuta pua.

"Mutoto, umekuya kuoa?"

"Hapana, Papa. Nimekuya ku kazi."

"Na mwenye uko naenda kuona, ulimuambia unakuya na harufu ile?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanipeleka mbele ya cage ya Major, sokomutu dume, na akarudia nyuma kidogo. Nilifikiri ni heshima. Major akanusa hewa, manyoya yake yote ikasimama, akaenda nyuma, akarudia na kintu mu mukono. Sitaandika kile kintu. Nitasema tu kama alirusha mara moja na hakukosa. Papa Banza akanipatia ndoo ya mayi.

"Sasa ndjo unanuka kazi," akasema. "Tuanze."

Ndjo vile nilifundishwa kama nyama wa pori anakusoma na pua mbele ya macho. Ingefaa ile somo ibakie mu kichwa yangu. Ilibakia ku kola ya shati tu, na ku kola nilifula ikatoka.

Papa Banza alinifundisha vyombo. Raclette inasukuma mayi toka juu kuenda chini, haizunguke sawa muntu anacheza. Brosse ya chuma ni ya sima, si ya miti. Na Javel, ile dawa ya kufulia, unaitia pole. Miye nilipenda Javel, juu inaonyesha chef kama ulitumika hata kama hukutumika. Siku moja nilifula cage yote, miti, kamba, ukuta. Mado, sokomutu mwanamuke muzee ya kikundi ya Major, akatembea mule ndani busiku na muchana sawa muntu amerudia ku nyumba akakuta baliuzisha bintu.

"Umefuta jina yao," Papa Banza akaniambia. "Harufu yao ndjo lupango yao, kiwanja yao. Unafula nusu leo, nusu ingine kesho. Hata weye, haungependa muntu aingie mu chumba yako kila asubui atoshe kila kintu yenye inasema kama ni kwako."

Mutumike vile. Nusu leo, nusu kesho.

Kisha Docteur Kavira akafika. Docteur ya banyama, muntu ya Butembo, baba yake ni wa bale bacommerçants ya malori. Ni mwanamuke mufupi, na sauti yake ni ndogo vile unalazimika kunyamaza ili umusikie, ndjo namuna alikuwa anatutawala. Alikuya na sanduku ya tuchupa: citronelle, mdalasini, lavande, menthe. Nikamuuliza kama tunafungua salon ya kusuka nywele.

"Tunafungua akili yao," akasema. "Nyama wa cage anajua kila kintu. Anajua ukuta, anajua saa ya ndizi, anajua kikohozi yako. Pua yake iko chômeur. Tuipatie kazi."

Namuna tulikuwa tunafanya ni hii. Unakata gunia mu bipande. Unaweka matone kidogo ya mafuta ku kipande moja, unaifunga inje ya cage, pembeni, si ndani. Docteur alikuwa mukali sana juu ya ile. Harufu haina mulango, akasema; kama unaiweka kati, nyama hawezi kuikimbia. Ukiiweka pembeni, mwenye anaipenda anakaribia, mwenye haipende anakala mbali, na ile kuchagua ndjo nusu ya dawa. Kisha hautie harufu moja kila siku, juu pua inazoea. Na siku ingine unafunga gunia yenye haina kintu.

"Docteur, hii gunia ya bure inasaidia nini?"

"Inatuzuia kujidanganya, Fiston."

Nikaona kama ni kazi ya bure. Munaona mwenyewe kwenye naenda.

Kila asubui, kazi yangu ilikuwa kuokota mavi. Si yote: ya nani, lini, mu kachupa kake, mu glacière ya barafu, na pikipiki mpaka ku labo. Motard mumoja aliniulizaka kama ni chakula ya kilio nabeba vile na uangalifu. Nikamuambia ndiyo, ajionjee. Docteur alinieleza: wakati nyama anaogopa, mwili yake inatosha kintu, inakitia mu damu, banaita homoni. Ile inatembea, inaingia mu mavi. Sokomutu anaweza kukala kimya, anakuangalia tu, unafikiri iko muzuri. Mavi itasema kama ndani yake iko natetemeka. Papa Banza akasema yeye alijuaka siku yote kama mavi haiseme bongo, haidanganye, lakini hakujua kama iko na masomo.

Mdalasini ilimupendeza Major. Alikuwa anajisugua mugongo sawa muntu ananawa. Lavande ilimulalisha. Menthe haikufanya kintu, ila Mado alikula gunia. Na citronelle ilikuwa inatuliza bote kiloko. Hakuna miujiza. Ilikuwa tu sawa muntu amefungua dirisha.

Ni hapo ndjo Bibiche akafika. Bibiche alikuwa sokomutu mwanamuke, kijana, balimukamata Kasomeno, nyuma ya malewa, mahali kwenye ba chauffeur ya malori banakula. Mwenye malewa alimufunga pale na munyororo ili bantu bacheke banapongoja bukari. Alikuwa na alama ya munyororo ku shingo, nyekundu, mubaya, na ku mukono ya kushoto kipande kwenye manyoya haikuota. Siye bote tuliangalia shingo.

Balimuweka mu cage muloko ya nyuma, kandokando ya cage ya benzake. Kati yao ni waya tu. Chef wa zoo akasema: mpaka mvua ya kwanza. Kama Bibiche hataingia mu kikundi mpaka pale, atabakia mu ile cage muloko, juu hakuna ingine. Cage yenyewe, muntu murefu hawezi kulala akanyoosha miguu.

"Sokomutu mwenye kukala peke yake hafwe siku moja," Docteur akatuambia. "Anafwa polepole. Anaanzia ku kichwa."

Bibiche alikuwa ameanza. Alikuwa anajinyonyoa manyoya ya kifua, moja moja, na uangalifu, sawa mama anachambua muchele.

Docteur akamupatia Papa Banza kazi ya Bibiche. Papa alikuwa anakala pale na kiti yake, mugongo ku Bibiche, anafunga gunia ya citronelle pembeni, na anakula karanga. Haseme kintu. Siku mingi. Kisha Bibiche akaanza kukaribia gunia. Kisha akakaribia mugongo ya Papa. Siku moja nilikuta Mado amepitisha kidole mu waya, na Bibiche anamutafutia chawa mu kile kidole, kwenye hakukuwa chawa hata mumoja. Mavi nayo ilikuwa inasema vile vile: ile homoni ya woga ilikuwa inashuka. Docteur akacheka mbele yetu, kintu yenye haikukuwa mu programme.

"Tumungoje kiloko tu," akasema. "Mbele ya mvua tutafungua mulango."

Kisha Papa Banza akafwa. Presha. Ilikuwa siku ya Mungu, alitoka ku misa, akakala ku kiti, hakuinuka. Ilikuwa mu kipindi ya baridi, ile yenye asubui mayi inauma vidole.

Kilio, ni kusema matanga, ilikuwa kwao mu Kamalondo, na Kamalondo munaijua: lupango ndogo, bantu mingi, mpaka mu avenue. Bamama balilala ndani, chini. Siye banaume inje, ku moto ya magogo, juu baridi haiogope kilio. Kwao, muntu wa familia hanawe mwili, habadilishe nguo, mpaka siku ya kumaliza kilio. Miye sikukuwa mutoto yake ya damu. Lakini nilisema: ni papa yangu. Sikunawa. Toka ku moto asubui, nilikuwa nakamata njia ya zoo na ile suruali, ile koti. Ba collègue nao vile.

Ku kilio kulikuwa ndugu mukubwa ya Papa Banza, Papa Ngoie, alikuya na train toka Kabalo. Muntu ya sauti. Jioni ya kwanza akakala ku moto akaanza:

"Baba yetu aliendeshaka train. Huyu, nini? Myaka yote mu mavi ya banyani! Nilimuambia: ndugu, rudia. Akakataa. Sasa nani atamulilia? Banyani?"

Bantu bakacheka kidogo, ile kicheko ya haya. Mama Odette, muke ya Papa Banza, alikuwa ku mulango na kitambala ku kichwa. Akaangalia chini. 

Asubui yake nilifika kwa Bibiche na ndizi. Akaniona, akanusa, na akapiga kelele yenye sijasikia bado. Akaenda ku kona, akajifunga na mikono, mavi ikamutoka yenyewe. Ndizi hakugusa. Nikarudi nyuma. Kesho yake vile vile. Akaanza tena kujinyonyoa, si moja moja, mukono muzima. Collègue mwenzangu akajaribu: kelele.

Miye nikasimama pale na ndizi yangu, na nikaelewa. Nilielewa mbio sana. Hiyo ndjo shida ya akili ya mbio, inafika mahali mbele ya kujua kama ni kwenyewe. Nikasema: Bibiche analia Papa.

Nikamuambia Docteur. 

"Inawezekana," akasema. "Basokomutu nabo banajua kufiwa. Lakini Mado na Major banakula, Fiston. Na beye ndjo bamekala na Papa Banza myaka."

"Docteur, kila muntu analia namuna yake."

"Ongeza citronelle," akasema. "Na siku ingine, gunia ya bure."

Nikaongeza. Haikusaidia. Na gunia ya bure, vile vile. Majibu ya labo ikakuya: homoni ilipanda kushinda siku yenye Bibiche alifika na munyororo. Miye nikaona ni ushahidi. Kilio ya namna ile, hata labo inaiona!

Jioni ile, ku moto, Papa Ngoie alianza tena na train ya baba yake. Nikasimama.

"Papa Ngoie, na heshima yote. Uliuliza nani atamulilia. Bibiche anamulilia. Hakule. Hanywe. Anashika kichwa vile." Na nikaonyesha. Miye najua kuonyesha. Nilikala chini ku vumbi, nikashika kichwa, nikajinyonyoa kifua. "Docteur amepima mu labo. Iko mu kilio sawa siye."

Bamama ndani bakasikia, bakaanza kulia upya. Muntu mumoja akasema, "Hata nyama!" Papa Ngoie akafunga kinywa. Na Mama Odette akainua kichwa. Toka siku ile Papa alikufwa sikukuwa nimeona uso yake yote. Sikukuwa nasema bongo, munielewe, niliamini. Lakini hata kama ingekuwa bongo, kwa uso ile ningeirudilia.

"Fiston," akaniita. "Utanipeleka nimuone."

Nyuma ya maziko, mbele ya kumaliza kilio, bakakuya ku zoo: Mama Odette, bamama ya parokia, Papa Ngoie nyuma yao na kofia mu mukono. Bote toka ku moto. Docteur alikuwa ku labo. Kama angekuwa pale angetuzuia, na miye ningekuwa na mukono muzima. Mama Odette alibeba koti ya Papa Banza, ile ya baridi, yenye ilikuwa imetundikwa mu lupango siku yote ya kilio, karibu na picha yake.

Tukaenda ku nyuma. Bamama bakaanza wimbo ya parokia, pole pole. Bibiche alikuwa mu kona. Hewa ikatoka kwetu kuenda kwake, na akajirusha ku waya. Mara moja, mara mbili, na mwili yote, mpaka damu ikatoka mu kinywa.

"Angalia namuna anamulilia!" mama mumoja akasema.

"Banza, angalia batoto yako!" mwingine akajibu.

Nikaona ni wakati. Nikamuambia Mama Odette, "Nipatie koti. Akinusa Papa, atatulia." Nikapitisha koti mu waya, na mukono yangu ya kuume ndani yake. Mukono iliingia na koti, Bibiche akaikamata na meno. Ilirudia pasipo koti na pasipo nguvu. Sikusikia uchungu mara moja. Nilisikia kwanza kelele, na nilifikiri ni ya Bibiche. Wa kwanza kufika ku mulango ya zoo alikuwa Papa Ngoie, na inasemekana hakugusa chini. Mwenye alibakia ni Mama Odette. Alitosha kitambala yake ya kilio ku kichwa, akanifunga, akakaza na meno.

"Kala kimya," akasema. "Usimuangalie. Angalia miye."

Ku hospitali, Docteur Kavira akakuya kesho yake. Akakala ku kitanda, akavuta pua.

"Ulilala wapi hii siku yote, Fiston?"

"Ku kilio, Docteur. Unajua."

"Wapi ku kilio?"

"Ku moto."

"Ulinawa?"

"Docteur, mu kilio bantu bananawaka?"

Akashusha tena ile sauti yake ndogo, nikalazimika kusogea.

"Jana nimemulalisha Bibiche na dawa, ili nimufule kinywa," akasema. "Nikaangalia na ule mukono ya kushoto. Ile si ugonjwa ya ngozi. Ni kidonda ya moto, ya zamani. Kasomeno balimufunga karibu na moto ya malewa. Mweye bote munakuya kila asubui na ile moshi ku manguo."

"Docteur, Lubumbashi yote ni moshi! Banachoma majani, banachoma makala…"

"Moshi ya mbali ni hewa. Moshi yenye imevaa suruali, inakuya kumukaribia na funguo mu mukono, hiyo ni kintu ingine."

Nikaangalia mukono yangu. Ilikuwa imefungwa sawa kitoto.

"Kumbe hamulilie Papa?"

"Siye tulimupenda Papa Banza. Yeye, sijue, hatuwezi kumuuliza. Lakini hii siku haikuwa kilio, Fiston. Alifikiri tunamurudisha Kasomeno."

Na citronelle, maskini, tuliitupia lawama bure. Hakuna tone ya mafuta inaweza kushinda moshi ya magogo. Gunia ya bure ilijaribu kutuambia: kama na mafuta ni sawa na pasipo mafuta, tafuta kwingine. Miye nilikuwa mwenye kuifunga na mwenye kutoisikiliza.

Docteur hakutupigia kelele. Aliweka tu sheria, na mweye munaifuata mpaka leo, sasa munajua kwenye inatoka. Kila muntu ananawa ku zoo na sabuni ya kawaida mbele ya kuenda kwa banyama. Salopette inalala ku depo, haiendi ku nyumba. Mbabula, jiko ya makala ya ba gardien, ikahama mbali, upande kwenye hewa inaenda. Na ku mulango, asubui, munanusana. Miye ndjo nilianzisha ile ya kunusana, na mukono mu bandage, mbele bantu bacheke. Bapita njia balifikiri ni dini mupya.

Mwisho ya kilio, moshi ikatoka mu kazi. Bibiche akakula. Kisha akakaribia gunia. Mavi ikaanza kusema habari njema, pole pole, sawa muntu anarudia ku nyumba na haya. Na mbele ya mvua, siku yenye mawingu ilikuwa tayari juu ya miti, Docteur akafungua mulango kati ya cage mbili. Major akafanya fujo yake, akapiga ukuta, akakimbia huku na kule. Bibiche akasimama ku mulango, anatetemeka mpaka miguu. Hapo Mado, na mwili yake ya kizee, akainuka, akaenda, akamuwekea mukono ku mugongo, na akakala kati yake na Major sawa mama ku misa anachukua nafasi mbili. Ni ile tu. Jioni ya ile siku cage muloko ilikuwa bure, na chef akasema tuweke mule baraclette.

Ndjo siku yangu ya mwisho ya kazi. Nilikuwa inje ya waya. Harufu yangu ilikuwa sabuni.

Ilibakia kintu moja. Mu Kamalondo, habari ya nyama mwenye alimulilia Banza ilikuwa imeota miguu. Ku parokia banaisema. Papa Ngoie mwenyewe alirudia Kabalo nayo, na kule, banasema, ilikuwa imegeuka basokomutu mingi, na bote bamepiga magoti. Nilimuuliza Docteur kama hatuwezi kuiacha vile. Inafanya mubaya gani?

"Mama anaiamini juu ni weye ulimuambia," akasema. "Enda."

Nilimukuta Mama Odette mu lupango, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikakala ku kiti muloko, nikamueleza. Yote: malewa, kidonda, moshi, koti. Hakunisimamisha. Alikuwa anatwanga polepole, polepole, kisha akaacha.

"Kwa hiyo hakumulilia."

"Sijue, Mama. Aliogopa moshi. Iko naogopa mpaka leo. Muntu akikuya na harufu ya moto, hamukaribie hata na ndizi."

"Hata moshi ya mbabula?"

"Hata ile, kama iko mu manguo."

"Alifika ku zoo lini, ule nyama?"

"Mbele ya ile baridi, Mama. Mu mwisho ya mvua."

Akaweka muti ya kutwangia chini. Akaangalia mahali kwenye mbabula inakalaka.

"Mu mwisho ya mvua ile, Banza alianza kunawa," akasema. "Kila asubui. Na mayi ya baridi! Manguo ya kazi aliitosha mu nyumba, akaitundika kwa jirani, anaenda kuivalia kule. Chai yangu ku moto hakunywa tena. Miye nikasema: muanaume mwenye ananawa mu baridi, anamunawia nani? Nikamupigia kelele, Fiston. Nikaita padri. Padri akakala hapa, kwenye umekala. Banza akamuambia, 'Padri, nanawa juu ya kazi.' Padri mwenyewe akacheka. Nani ananawa akaenda kufagia mavi?"

"Na yeye akasema nini?"

"Banza alisemaka kintu? Akakula karanga."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitambala ikamuanguka, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta, na macho yake ilikuwa inatoka mayi na hakuifuta.

"Kumbe iko na manyoya," akasema. "Ule mwanamuke nilipigia kelele yote ile, kumbe iko na manyoya!"

Nikangoja. Nikamuuliza, "Basi, Mama, bantu ku parokia nibaambie nini? Na Papa Ngoie?"

Akaokota kitambala, akaifunga ku kichwa, akakamata tena muti yake.

"Usibaambie tena kama ule nyama alilia," akasema. "Baambie Banza alikuwa ananawa."